Kichefuchefu cha Nchi Kavu

Nilizaliwa kisiwani Ukerewe, na nilijua kusimama ndani ya mtumbwi kabla sijajua kusoma. Nilipokuja kuajiriwa kwenye meli ya abiria inayotoka Mwanza kwenda visiwani, ziwa halikuwa jambo geni kwangu. Likichafuka, mawimbi yakaanza kupiga ubavuni, abiria hulala sakafuni, wengine husali kwa sauti, na mimi hupita katikati yao na ndoo. Nimewahi kuona mabaharia wenye vifua vipana wamekumbatia reli, macho yamewatoka, hawajui waende wapi. Mimi sikuwahi kutapika melini hata mara moja. Nilijivunia jambo hilo kuliko cheti chochote, na wenzangu walilijua.

Kwa hiyo ilikuwa ajabu kwamba mahali pa kwanza kunitapisha palikuwa chumba chenye sakafu ya vigae, ghorofa ya pili, katikati ya mji.

Nilikuwa nimefikia zamu ya kupandishwa kuwa ofisa wa kwanza. Ili upande, siku hizi ni lazima upite mafunzo ya simuleta: unaendesha meli ambayo haipo. Chumba kimefungwa mapazia mazito. Mbele kuna skrini kubwa zilizopindwa kama nusu duara, na katikati kuna usukani wa kweli, vishikio vya mwendo wa injini, rada na redio. Ukisimama pale taa zikazimwa, unaona maji mbele yako na pua ya meli ikipanda na kushuka. Mkufunzi anakaa chumba cha pili nyuma ya kioo. Akitaka mvua anabonyeza, mvua inakuja. Akitaka ukungu, anakuletea. Anaweza kukuharibia injini huku anakunywa chai.

Alikuwa mzee wa pwani, nahodha mstaafu wa meli za bahari kuu, mtu mkavu asiyependa mchezo. Sote tulimwita Kapteni. Wanafunzi tulikuwa wachache, wanaume wote isipokuwa mimi. Mmoja wao nilikuwa nikifanya naye kazi meli moja, kijana mchangamfu wa Kirumba. Mwingine alikuwa nahodha wa boti la mizigo, mtu mkubwa wa mwili na mwenye sauti ndogo.

Siku ya kwanza Kapteni alitupa bandari ya Ulaya, kwa sababu programu ilikuja nayo. Kulikuwa na theluji. Tulicheka. Ilipofika zamu yangu nikashika usukani, nikatoa meli gatini vizuri, nikageuka kushoto kupita boya. Meli ikalala upande. Nikapanua miguu, kama ninavyofanya siku zote, niipokee. Miguu haikupokea kitu. Sakafu ilikuwa imetulia kama sakafu ya benki. Skrini zikalala upande wa pili, na mimi nikahisi jasho la baridi likinishuka mgongoni, mate yakajaa mdomoni. Nikaachia usukani. Nilikifikia kikapu cha taka kilichokuwa mlangoni, na humo ndimo nilimotapikia, mbele ya watu wote.

Kapteni aliwasha taa.

"Macho yanakwambia meli imelala," alisema baada ya kunipa maji. "Masikio yako huko ndani yanakwambia umesimama wima. Mwili haujui umwamini nani. Inawapata wengi."

"Mimi sijawahi kuumwa hata ziwa likichafuka, Kapteni."

"Ndiyo maana. Mwili wako umezoea kusikia meli. Hapa hakuna cha kusikia."

Nilimwelewa, lakini aibu haikuondoka. Alasiri yule nahodha wa boti la mizigo naye alitoka mbio na mkono mdomoni. Aliporudi, wenzake wakamwambia pole, bila shaka ni wale samaki wa mchana. Mimi nilipokuwa nafungasha vitu vyangu, kijana wa Kirumba alinisogelea akitabasamu.

"Dada, hongera."

"Hongera ya nini?"

"Aa, dada. Sisi siyo watoto." Akanikonyeza, akashuka ngazi.

Inabidi nieleze hapa kwamba mimi na mume wangu tulikuwa tumeoana muda mrefu, na mtoto alikuwa hajaja. Yeye ni mwalimu wa sekondari, tunaishi Kiseke. Tulikwisha kwenda hospitali wote wawili. Daktari alitupima, akarudisha majibu, akasema hakuna tatizo lolote, tuendelee tu. Watu hudhani hayo ni majibu mazuri. Ukiambiwa una ugonjwa, unapewa dawa. Ukiambiwa huna kitu, unarudi nyumbani na huna hata cha kumeza.

Jioni ile, nikiwa njiani kurudi, lile neno la hongera lilinifuata. Nikaanza kuhesabu siku zangu. Nilikuwa nimechelewa kidogo. Nilikuwa nimewahi kuchelewa mara nyingi, na kila mara nilijiapiza kwamba safari ijayo sitahesabu. Lakini safari zote hizo sikuwa nimetapika. Nilipika ugali mawazo yakiwa mbali kabisa. Mume wangu akaniuliza mafunzo yameendaje, nikasema yameenda vizuri. Sikumwambia habari ya kikapu. Nilitaka kwanza nijue mwenyewe.

Asubuhi nilipitia duka la dawa, nikanunua kipimo, nikaenda nacho hadi choo cha chuo. Nilifunga mlango, nikafanya kama maelezo yanavyosema, nikakishika mkononi nikisubiri huku mtu nje akisugua sakafu kwa brashi. Ukaja mstari mmoja. Nikakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikakitikisa, nikasubiri tena kuliko walivyosema. Mstari ulibaki ule ule mmoja. Nikakifunga kwenye karatasi, nikakitupa, nikanawa uso, nikaenda darasani.

Siku hiyo Kapteni alikuwa ametuandalia Mwanza yenyewe. Mafundi walikuwa wametengeneza ghuba yetu ndani ya kompyuta, na wenzangu walifurahi kuona bandari wanayoijua. Mimi niliona kasoro tu. Majabali yalikuwa makali mno, kama meno. Vilima vilikuwepo, lakini havikuwa na nyumba hata moja, kama vile mji umehama. Mitumbwi yetu haikuwemo, kwa hiyo badala yake waliweka vimashua vya kizungu vyenye vibanda, ndani yake watu wawili wawili waliochorwa bila nyuso.

Nilipewa kuingia bandarini, giza na mvua. Tumbo lilianza mara tu meli ilipotikisika. Nilibana meno nikatazama mbele, nikawa napigana na koo langu badala ya kuangalia rada. Sikukiona kimashua hadi kilipopotea chini ya pua ya meli. Skrini zikasimama. Kapteni alikuwa amezisimamisha.

"Dada umeua," mmoja alisema gizani, wengine wakacheka.

Kapteni hakucheka. Alitoka nyuma ya kioo akasimama kando yangu.

"Ulikiona kwenye rada?"

"Sikuangalia rada."

"Ulikuwa unaangalia nini?"

Nikasema samahani, nikaenda chooni, na safari hii nilitapika nikilia.

Nilifika nyumbani nimechoka kuliko siku yoyote ya kazi. Mume wangu alikuwa amewahi kurudi. Alikuwa amefagia, amepika wali na samaki, na mezani ameweka machungwa na ndimu kwenye sahani. Nilipoinama kuvua viatu, alikuja haraka.

"Acha, usiiname. Kaa nikuvue."

Nikadhani amesikia kwamba nimeumwa. Nikakaa. Akapiga magoti, akanivua kiatu kimoja, akabaki amekishika mkononi, uso wake unang'aa kama wa mtu aliyetoka kuoga.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kukwambia nini?"

"Mama amenipigia simu shuleni. Kasikia kwa dada. Na dada kasikia sokoni Mwaloni. Yaani mimi ndiye wa mwisho!" Alikuwa anacheka. "Sikukasirika. Nimefurahi tu, sijui hata nisemeje."

Wifi yangu anauza dagaa Mwaloni, na yule kijana wa Kirumba nyumba yao iko jirani na soko. Nikaona jinsi neno lilivyotembea, kutoka ngazi za chuo hadi kwenye meza za dagaa, kutoka hapo hadi Magu kwa mama mkwe, na kutoka Magu hadi ofisi ya walimu. Limezunguka kote huko wakati mimi nimesimama chooni na kipimo mkononi.

"Siyo mimba," nikasema. "Ni ile mashine. Inanitapisha."

"Lakini umechelewa. Najua umechelewa."

Hapo ndipo nilipojua kwamba naye huwa anahesabu.

"Nimepima leo asubuhi. Hakuna kitu."

"Labda ni mapema."

"Labda," nikasema, ingawa sikuamini. Siku mbili baadaye mwili wenyewe ulimaliza ubishi.

Alikiweka kile kiatu chini taratibu, akakipanga sawa na mwenzake. Akatoka nje. Nilimwona dirishani amesimama karibu na pikipiki yake, mikono imening'inia. Kilichoniuma zaidi si kwamba ameumia, kwa kuwa maumivu tulishazoea kuyabeba pamoja. Kiliniuma kwamba alikuwa amefurahi siku nzima, na alifurahi bila mimi.

Aliporudi ndani alisema, "Nimeshawaambia walimu."

Tukala wali ule. Ulikuwa mzuri. Aliahidi kwamba atampigia mama yake amweleze. Kesho yake nikamuuliza, akasema simu haikupatikana. Siku iliyofuata akasema mama alikuwa shambani. Jumamosi asubuhi niliposikia hodi ya mama yake nikajua hakupiga.

Mama mkwe ni mwanamke mrefu, mkulima wa mpunga na pamba, ambaye katika miaka yote alikuwa ameniheshimu kwa mbali. Aliniita mke wa fulani, akitaja jina la mwanawe. Hakuwahi kunitukana, hakuwahi kunikumbatia. Siku hiyo alishuka kwenye bodaboda na jogoo, mfuko wa mchele, karanga, na maziwa ya mgando kwenye dumu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema, akanishika mashavu kwa mikono yake yote miwili. "Umepungua. Ndivyo inavyoanza."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anafungua kamba ya jogoo, hainui macho.

Mama aliingia, akavua viatu, akataka ungo. Akamwaga mchele akaanza kuuchambua, huku akinieleza vitu vya kula na vya kuacha, na jinsi yeye alivyotapika kwa mtoto wake wa kwanza hadi akaombewa kanisani. Halafu akatoa kwenye mfuko kanga moja kuukuu, imefuliwa hadi rangi imekwisha.

"Hii ndiyo niliyombebea huyu," akasema, akimwonyesha mwanawe kwa kidevu.

Mume wangu akasema anakwenda dukani mara moja. Nikasikia pikipiki inawaka. Nilijua hatarudi upesi.

Nikakaa chini kwenye mkeka, mbele yake.

"Mama, sina mimba."

Vidole vyake viliendelea kuchambua.

"Nani alisema ninayo?" nikauliza.

"Watu walisema."

"Watu waliniona natapika kazini. Ni mafunzo ya kuendesha meli kwenye skrini. Unakaa chumbani, unaona maji yanayumba, na wewe huyumbi. Tumbo linachafuka. Hata wanaume linawapata."

"Wewe ulisema nini walipokupa hongera?"

"Sikukanusha."

Akatoa jiwe dogo, akalitupa mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na hasira ningeiweza. Lakini uso wake ulizeeka tu pale pale, polepole, kama mtu anayezima taa chumba baada ya chumba.

"Basi mchele tutaula wenyewe," akasema.

Baadaye kidogo akauliza, bila kunitazama, "Kazi ya meli huifanya ziwani. Sasa hii inayokutapisha nchi kavu ni ya nini?"

Nikamweleza kwamba ndani ya simuleta unaweza kukosea, ukazamisha meli na hakuna anayekufa. Unajifunza hatari bila kuiingia. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hakuna anayekufa," akarudia. "Lakini wewe unaumwa kweli."

Alilala kwetu hadi Jumatatu. Alichinja yule jogoo mwenyewe, akanipa firigisi, ingawa kwao firigisi ni ya mwanamume. Hakulizungumzia tena jambo lile mbele yangu. Lakini nilimsikia uani akimwambia mwanawe kwa Kisukuma, lugha ambayo naielewa kuliko wanavyodhani, kwamba kazi ya kusimama juu ya maji inaweza kumkausha mwanamke, na kwamba yeye kama mume angeweza kusema neno. Nikasubiri nisikie atajibu nini. Hakujibu. Nilikaa na ule ukimya wake wiki nzima. Asubuhi ya kuondoka, mama alikunja ile kanga, akairudisha kwenye mfuko wake.

Chuoni nilimkabili kijana wa Kirumba.

"Nani alikwambia nina mimba?"

Alishtuka. "Dada, mwanamke akitapika mtu ataelewaje? Mimi nilikuwa nakuombea heri tu."

Nilimwamini. Na hapo ndipo hasira yangu ilipokosa mahali pa kukaa.

Kapteni aliniita ofisini kwake kabla ya mtihani. Hakuuliza habari za mimba, ingawa lazima zilikuwa zimemfikia. Aliniambia niache kubana meno. Alinifundisha kutazama kwa zamu: skrini kidogo, kisha rada, kisha kitu kisichotikisika, hata ukingo wa meza. Nisimame nimeegemea, nisile mafuta asubuhi, na mlango atauacha wazi kidogo hewa iingie.

"Na ukiumwa, sema," alisema. "Useme kwa sauti, upokewe usukani. Siku ile hukuwaua watu kwa sababu ya kuumwa. Uliwaua kwa sababu ulikuwa unaficha."

Siku ya mtihani alinipa ghuba yetu ile ile, giza, mvua, vimashua vimetapakaa mlangoni mwa bandari. Tumbo lilinikumbuka mara moja. Nilitazama skrini, nikatazama rada, nikatazama ukingo wa meza. Rada ilikuwa na nukta nyingi kuliko nilizoweza kuzitenganisha. Nikapunguza mwendo, nikapunguza tena, hatimaye nikasimamisha meli nje ya bandari na kutia nanga. Nikachukua redio.

"Naomba kusubiri hapa hadi mvua ipungue. Sioni vizuri, na mimi mwenyewe sijisikii vizuri. Naomba msaidizi kwenye usukani."

Wenzangu nyuma yangu hawakucheka safari hii. Halafu sauti ya Kapteni ikaja, kavu kama kawaida: "Imepokelewa. Subiri." Alinisubirisha hadi miguu ikaanza kuuma, kisha mvua ya kwenye skrini ikapungua, msaidizi akashika usukani, nikaiingiza meli gatini. Nilifaulu. Si kwa alama za juu, lakini nilifaulu.

Mume wangu alinipongeza, tukaenda kula samaki wa kuchoma. Nilimuuliza kama anataka niache kazi ya meli. Alichokonoa mwiba, akauweka kando ya sahani.

"Sitaki uache," alisema. "Nilipaswa kumjibu mama siku ile. Sikupata neno."

"Ungesema hivyo hivyo tu."

"Najua."

Nilirudi ziwani nikiwa ofisa wa kwanza. Nilidhani habari imekwisha. Lakini neno la mimba lilikuwa limekwisha kuenea, na hakuna aliyelifuata nyuma kulirudisha. Miezi ikapita, watu wakanitazama kiunoni, hawakuona kitu. Wakafanya hesabu yao wenyewe.

Siku moja tulikuwa tunapakia kuelekea kisiwani. Mama mmoja mchuuzi, ninayemjua kwa sura tu, alikuwa anapandisha magunia yake ya unga. Aliponiona aliacha mizigo, akaja akanishika mkono.

"Pole, mwanangu. Tumesikia. Mungu atakupa mwingine."

Nilifungua mdomo nimweleze. Nilitaka kusema kwamba hapakuwa na mtoto, kwamba ilikuwa mashine, macho na masikio. Nyuma yake abiria walikuwa wanasukumana. Mkono wake ulikuwa wa moto na mkavu, na alikuwa ananitazama kwa huruma ambayo hakuna mtu aliyewahi kunipa kwa miaka yote ile ya kungoja, kwa sababu anayengoja hapewi pole.

"Asante, mama," nikasema. "Nimeshapoa."

Nilipanda juu darajani, kwenye chumba cha usukani, nikafanya kazi yangu. Jioni nilipofika nyumbani nilimsimulia mume wangu, nikiogopa kidogo kwamba ataniona nimesema uongo. Alikuwa anasahihisha madaftari. Aliweka kalamu chini.

"Hata mimi shuleni wananipa pole," alisema.

"Na wewe unawajibu nini?"

"Nawashukuru."